Chora, Funika, Chora Tena: Baiokemia ya Mwili kwa Penseli na Kete za Bao

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fani za afya, Mtwara

Waheshimiwa walimu, ndugu watabibu na wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkapitia hapa kabla ya kulala, na ninyi wanafunzi mliojaza viti hadi barazani: itifaki imezingatiwa. Wakubwa, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Tuanze na kile kinachoning'inia ukutani. Mabweni mengi ya wanafunzi wa afya yana chati ya umetaboli, yaani ya mabadiliko ya kemikali mwilini, iliyobandikwa juu ya kitanda: mishale mia na ushei, majina ya Kiingereza yenye herufi ndogo kama mayai ya chawa, rangi nne. Mwenye chati analala chini yake mwaka mzima, na siku ya mtihani hawezi kuandika hatua 3 zinazofuatana. Wala si mvivu. Jicho lake limeizoea chati kama lilivyouzoea ukuta wenyewe. Kuitambua picha ikiwa mbele yako ni kazi moja. Kuitoa kichwani karatasi ikiwa tupu ni kazi nyingine, na mtihani unapima hiyo ya pili. Wodini saa nane za usiku pia hakuna chati.

Basi neno letu leo ni moja. Mchoro wa baiokemia unachorwa, unafunikwa, unachorwa tena bila kuchungulia, na kila unapochorwa unahesabiwa. Kinachohesabiwa ni kaboni. Anayejua kaboni ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, na yuko chumba gani cha seli, anaweza kusahau jina la kimeng'enya, kile kinachoharakisha badiliko la kemikali, na bado akajua anachosema. Aliyekariri majina matupu, moja likimponyoka, safari imekwisha hapo.

Ndiyo maana hatukuja na projekta. Tumekuja na bao.

Bao hili mnalijua: mashimo 32, kete 64. Sisi tunataka safu moja tu ya mashimo 8 na kete 6. Kila kete ni kaboni moja. Kila shimo ni kemikali moja. Mwendo wa kutoka shimo hadi shimo ndio kimeng'enya. Tunachocheza ni mzunguko wa Krebs, njia ya seli ya kuvunja mabaki ya chakula ipate nishati, ulioelezwa na Hans Krebs mwaka 1937 akiwa Sheffield, Uingereza, nao kwa bahati njema una kemikali kuu 8, sawasawa na safu moja ya bao. Andikeni kwa chaki ubavuni, kuanzia kushoto: sitreti, isositreti, alfa-ketoglutareti, suksinili-KoA, suksineti, fumareti, maleti, oksaloaseteti.

Weka kete 4 katika shimo la mwisho, la oksaloaseteti. Chukua kete 2 nyingine uzipake chaki nyeupe. Hizo ni asetili-KoA, yaani kilichobaki cha ugali au mafuta uliyokula, kikiwa kimekwisha kuingia ndani ya mitokondria, chumba cha nishati cha seli. Changanya: 4 na 2 ni 6, zipeleke zote shimo la kwanza. Umepata sitreti. Zisogeze shimo la pili. Hakuna kilichopungua, molekuli imejipanga upya tu. Ukienda la tatu, toa kete 1 uitupe nje ya bao. Hiyo ni kabonidioksaidi, hewa ileile inayowatoka puani sasa hivi. Weka kando njiti moja ya kiberiti: NADH ya kwanza, kibebaji cha elektroni. Ukienda la nne, tupa kete nyingine 1, weka njiti ya pili. Zimebaki 4. Kwenda la tano hazipungui, ila weka kizibo kimoja cha soda: ndiyo GTP, pacha wa ATP, sarafu ya nishati ya seli. Kwenda la sita, weka kipande cha chaki: FADH2, kibebaji kingine cha elektroni. Kwenda la saba yanaingia maji, huna cha kuweka. Kwenda la nane, njiti ya tatu.

Sasa hesabu. Kete 4 zimerudi zilikoanzia. Kete 2 ziko chini sakafuni. Pembeni kuna njiti 3, chaki 1, kizibo 1. Ukipata hesabu nyingine yoyote, kuna shimo umeliruka, rudi ulitafute. Na kwa kuwa glukosi moja inatoa asetili-KoA 2, mchezo huu unazungushwa mara mbili kwa kila glukosi.

Kosa la kwanza linatokea kwenye shimo la tatu. Wengi hutupa kete iliyopakwa chaki, wakidhani mgeni aliyeingia ndiye anayetoka. Sivyo. Kaboni 2 zinazotoka katika mzunguko wa kwanza ni zile za oksaloaseteti ya zamani. Wageni wenye chaki wanabaki ndani. Chati nyingi zinalificha jambo hili kwa sababu zinachora kaboni zote kwa wino mmoja. Halafu mkifika suksineti mtakwama kwa namna nyingine: molekuli hii ncha zake mbili zinafanana kabisa, kimeng'enya kinachofuata hakitofautishi kichwa na mkia, kwa hiyo kuanzia hapo alama za chaki zinachanganyika. Msigombane. Pale anayesema "haijulikani" ndiye aliyeelewa.

Lakini bao lina faida kubwa kuliko hiyo, nayo ni kujibu swali linalowasumbua watu mwaka hata mwaka: mafuta ya mwilini yanaweza kugeuka sukari? Asidi ya mafuta yenye kaboni 16 hukatwa vipande 8 vya asetili-KoA. Ini linapotengeneza sukari kupitia njia hii, linachota oksaloaseteti kutoka kwenye mzunguko. Sasa cheza. Zimeingia kete 2, zimetoka kete 2, mwishoni una 4 zilezile ulizoanza nazo. Ukizichukua hizo 4 kwenda kupikia sukari, shimo la nane limebaki tupu na mchezo umekufa. Mafuta hayajaongeza hata kete moja. Jibu ni hapana, nalo limeonekana bila kukariri chochote, isipokuwa mlango mdogo wa gliseroli ya ndani ya mafuta, yenye kaboni 3, na asidi chache za mafuta zenye kaboni za idadi witiri.

Na hapohapo mmemwona mgonjwa wa kisukari aliyekosa insulini, anayepumua haraka na kwa kina huku pumzi ikinukia kama matunda yaliyoiva mno. Ini lake linapokea asetili-KoA kwa mkururo, ilhali oksaloaseteti za kuzipokea zinachotwa kwenda kutengeneza sukari. Wageni mlangoni, wenyeji hawapo. Ini linaziunganisha asetili-KoA zenyewe kwa zenyewe kuwa ketoni. Aliyecheza bao ataichora hali hiyo kwa dakika 2.

Tutoke kwenye mzunguko turudi nyuma kidogo, kwenye njia panda ya piruveti, kemikali ambayo glukosi huishia ikivunjwa. Hapa watu wa kusini tuna mfano uani. Msimu wa korosho ukifika, mabibo yanakamuliwa, maji yake yanaachwa yachachuke kuwa uraka, na anayechungulia chombo anaona povu. Lile povu ni kete zinazotupwa nje. Piruveti ina kete 3. Katika chachu, kete 1 inatoka kama kabonidioksaidi na zinabaki 2, ambazo huishia kuwa pombe. Katika msuli wa mkimbiaji aliyeishiwa pumzi, piruveti ya kete 3 inakuwa lakteti ya kete 3, hakuna kinachotupwa. Katika mitokondria yenye oksijeni, kete 1 inatoka, 2 zinakuwa asetili-KoA, na unaweka njiti 1 ya kiberiti.

Kwa hiyo chora njia panda yenye matawi matatu, na kwenye kila tawi andika idadi ya kete. Mwanafunzi akiandika kwamba msuli unatoa kabonidioksaidi pale unapotengeneza lakteti, hana haja ya kugombezwa, mwambie ahesabu. Akiuliza lakteti ina faida gani basi, kama haileti nishati, mwonyeshe njiti. Hatua ya 6 ya kuvunja glukosi inahitaji NAD+ tupu, yaani NADH iliyokwisha kushusha mzigo, na ikigeuka NADH yote, kazi inasimama. Kutengeneza lakteti ni kuzipokonya NADH mzigo wake zirudi kazini. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria kabisa, hivyo njia yao ni hiyo siku zote, hata mwenye damu akiwa amelala.

Kwenye tawi la mitokondria ongezeni alama moja ndogo: B1. Kimeng'enya kinachoifanya piruveti kuwa asetili-KoA hakifanyi kazi bila thiamini, ndiyo hiyo vitamini B1. Mlevi wa muda mrefu aliyedhoofika akipewa dripu ya glukosi bila thiamini, umemimina kete nyingi njia panda huku barabara kuu imefungwa, na ubongo ndio unaoumia kwanza.

Sasa karatasi. Laza karatasi ya A4 upana uwe mrefu. Kabla ya kemikali yoyote, chora kuta: mstari wa seli, na ndani yake mitokondria yenye utando wa nje na wa ndani. Kuta kwanza, samani baadaye. Anayeanza na majina hukuta mwishoni hana nafasi ya utando, akaubana pembeni, na kuanzia hapo hajui tena kitu kipi kiko wapi. Njia ya glukosi hadi piruveti, hatua zake zote 10, iko nje ya mitokondria, kwenye majimaji ya seli. Mzunguko wa Krebs uko ndani. Mzunguko wa urea, ule unaoigeuza amonia kuwa urea, unavuka: vimeng'enya 2 viko ndani na 3 nje, na anayeuchora bila ukuta katikati hawezi kueleza kwa nini ornithini inaingia na sitrulini inatoka. Kwenye huo wa urea badilisheni kete, hesabuni naitrojeni badala ya kaboni: moja inatoka kwenye amonia, ya pili kwenye asparteti. Hatutaukawiza zaidi ya hapo.

Mishale iwe ya aina tatu, isizidi. Mstari mzima wenye kichwa ni mmenyuko. Mstari wa nukta ni kitu kinachosafiri kupita utando bila kubadilika. Mstari unaoishia kwa kijiti kilichokingama, kama mlango uliokomewa, ni kizuizi. Michoro mingi ya wanafunzi hutumia mshale mmoja kwa yote matatu, na baada ya wiki mbili mwenyewe hawezi kuusoma. Kisha, zile hatua zisizorudi nyuma zipewe mstari mnene. Katika kuvunja glukosi ziko 3: ya 1, ya 3 na ya 10. Ya 1 na ya 3 zinakula ATP moja moja. Ya 7 na ya 10 zinazalisha, na kwa kuwa hatua ya 4 imeshaikata molekuli vipande viwili vya kaboni 3, kila moja inazalisha mara mbili. Zimeliwa 2, zimezalishwa 4, faida ni 2.

Rangi zitumieni kwa uchoyo. Sababu ya kwanza ni ya steshenari: mchoro mzuri wa rangi ukipigwa fotokopi nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani hutoka kijivu kilekile, na darasa zima linapokea karatasi isiyosomeka. Sababu ya pili ni kwamba wapo watu wasioona tofauti ya rangi hizo mbili, na wengine wao hawajijui. Chochote unachotaka kionekane, kionyeshe kwa umbo la mstari kwanza. Rangi iwe nyongeza. Penseli moja, kifutio na kalamu nyekundu ya kusahihishia vinatosha.

Namna ya kufunika ni hii. Soma sehemu moja, si zaidi ya hatua 10. Funga kitabu. Chora kwa dakika 10 kutoka kichwani, na usipokumbuka acha pengo, usichungulie. Fungua, sahihisha kwa nyekundu. Kesho yake usichore tena mchoro mzima. Chora pale palipokuwa pekundu tu. Baada ya siku 3, mzima. Baada ya wiki, mzima tena. Karatasi za zamani msizitupe, kwa sababu wekundu unaojirudia mahali palepale unakuonyesha kitu ambacho hujakielewa, na hicho hakitibiwi kwa kurudia kuchora. Kinatibiwa kwa kuuliza.

Tuje kwenye mchoro unaotuhusu zaidi huku Mtwara na Lindi, mchoro wa muhogo. Muhogo mchungu una kemikali inayoitwa linamarini ndani ya seli zake, na kimeng'enya chake, linamaresi, kimekaa kwenye kuta za seli. Wakiwa mbalimbali hakuna neno. Ukiukwangua au kuuponda wanakutana: linamarini inavunjika, glukosi inakwenda upande mmoja, na upande wa pili hatimaye inatoka sianidi, ambayo huruka kama hewa. Makopa yaliyokaushwa juani vipande vizimavizima hukauka kabla wawili hao hawajakutana vya kutosha, kwa hiyo unga wake unaweza kubaki na linamarini nyingi. Ndiyo sababu ya ile njia ya kulowesha unga: unga unachanganywa na maji, unatandazwa mwembamba usiozidi sentimita 1, unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha unasongwa ugali siku hiyohiyo. Ukitandazwa mnene, sianidi ya chini haipati pa kutokea. Kimeng'enya kilikuwa kimo ndani ya unga muda wote. Kilikosa maji tu.

Sasa chora upande wa mwili. Kwenye utando wa ndani wa mitokondria panga masanduku 4 ya kupitishia elektroni kwa mstari, I, II, III na IV, na baada yao kinu cha ATP. NADH inashusha elektroni kwenye I, FADH2 kwenye II, zote zinapita III, zinafika IV, na hapo oksijeni inazipokea na kuwa maji. Weka kizuizi cha sianidi kwenye IV. Usiandike neno lolote bado. Fuata foleni kwa kidole kurudi nyuma. IV imefungwa, III imejaa, I na II zimejaa. NADH haina pa kushusha mzigo, hivyo NAD+ imekwisha. Rudi kwenye bao: shimo la pili haliwezi kwenda la tatu. Mzunguko umesimama. Rudi njia panda: piruveti inakimbilia lakteti, damu inakuwa na asidi. Na oksijeni? Haijatumika, kwa hiyo damu ya mishipa inayorudi moyoni inabaki nyekundu ang'avu ilhali mgonjwa anakufa kwa kukosa nishati. Dalili nne mmezitoa kwenye kizuizi kimoja, bila orodha ya kukariri.

Mwili una njia ya kujitetea. Kimeng'enya kiitwacho rodanesi, kingi kwenye ini, kinaipachika sianidi salfa na kuifanya thaiosaneti, inayotoka na mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye asidi amino zenye salfa, yaani kwenye protini ya chakula. Hapo kwenye mchoro wekeni kisanduku kilichoandikwa samaki, mayai, kunde. Anayekula ugali wa muhogo mchungu wiki nyingi bila kitoweo cha maana amepungukiwa salfa wakati sianidi inaendelea kuingia, na huo ndio mwanya wa konzo, ugonjwa wa miguu yote miwili kukakamaa ghafla na kutopona tena, unaowapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, na ambao umewahi kuonekana kusini mwa Tanzania. Tahadhari moja ya mchoraji: msichore mshale kutoka sanduku la IV kwenda kwenye miguu. Sumu ya ghafla na konzo ni michoro miwili, ina mlango mmoja wa kuingilia lakini si njia moja.

Kuna jambo la ATP linalowagombanisha watu. Chati moja inasema glukosi moja inatoa ATP 38, nyingine 36, nyingine 32, nyingine 30. Zote zina hesabu ya njiti sawa: NADH 10, FADH2 2, na ATP au GTP 4 za moja kwa moja. Tofauti ni bei. Chati za zamani zinahesabu NADH kwa ATP 3 na FADH2 kwa 2: 30 na 4 na 4, jumla 38. Baadaye ikapimwa kwamba NADH moja inasukuma protoni 10 nje ya utando, FADH2 inasukuma 6, na ATP moja inagharimu takribani protoni 4 pamoja na nauli ya kuisafirisha. Kwa hiyo NADH ni 2.5 na FADH2 ni 1.5: 25 na 3 na 4, jumla 32. Na zile 36 na 30 zinatokea wapi? Kuna NADH 2 zilizozaliwa nje ya mitokondria, na utando hauziruhusu kupita. Zinakabidhi elektroni kwa vivuko. Kivuko kimoja kinazifikisha kwa bei ya NADH, kingine kwa bei ya FADH2. Chati ikikwambia namba bila kukwambia kivuko, iandikie pembeni.

Grafu nazo ni michoro, na ndizo zinazochorwa vibaya kuliko zote, kwa sababu mtu anakariri mkunjo anasahau mihimili. Chora mihimili kwanza na vizio vyake. Chukua vimeng'enya viwili vinavyofanya kazi ileile ya kuipa glukosi fosfeti: heksokinesi, iliyoko ubongoni na kwingi, na glukokinesi ya ini. Cha kwanza kinafika nusu ya kasi yake glukosi ikiwa karibu milimoli 0.1 kwa lita; cha pili ikiwa karibu 10. Tia mstari wa wima kwenye 5, sukari ya kawaida ya mtu ambaye hajala, namba ileile mnayoisoma kwenye glukometa. Kwa hesabu ya Michaelis na Menten ya mwaka 1913, gawa sukari kwa jumla ya sukari na ile namba ya nusu ya kasi, yaani 5 kwa 5.1: heksokinesi iko asilimia 98 ya kasi yake. Gawa 5 kwa 15: glukokinesi iko asilimia 33. Sukari ikipanda hadi 10, heksokinesi haina pa kupanda, glukokinesi inafika 50. Ubongo unakula wakati wote, ini linangoja shibe. Mkunjo halisi wa glukokinesi umepinda kidogo kama S pale mwanzoni, lakini somo ni lilelile.

Kosa jingine la picha ni ukubwa. Kitabuni glukosi ina upana wa kidole, himoglobini upana wa kidole, mitokondria upana wa kidole. Tuikuze glukosi iwe sawa na korosho moja iliyobanguliwa, sentimita 2.5. Kwa kipimo hichohicho himoglobini inakuwa kama nazi iliyofuliwa. Mitokondria inakuwa na upana wa mita kama 28. Na chembe nyekundu ya damu? Nendeni uwanja wa Nangwanda Sijaona: urefu wa uwanja wa mpira ni nusu yake tu. Ndani ya chembe hiyo moja kuna nazi milioni 270 hivi. Baada ya hapo hakuna atakayeshangaa kwamba molekuli zinasukumana, au kwamba badiliko la asidi amino moja tu, glutameti kuwa valini mahali pa 6 pa mnyororo wa beta, linatosha kuzigandisha nazi zote hizo kuwa nyuzi na kuipinda chembe kuwa mundu.

Kuhusu video za simu tutasema machache. Zina kazi moja ambayo karatasi haiwezi: kuonyesha kitu kinachozunguka, hasa kinu cha ATP. Pakueni mahali penye Wi-Fi, msile bando kwa kutazama kitu kilekile mara nane. Tazama mara moja bila kuandika. Mara ya pili simamisha kila baada ya hatua, uchore kabla haijaendelea, uone kama umekisia sawa. Video ya dakika 6 ikitazamwa hivyo inachukua dakika 30, na mkiona imewachukua 6 jueni mmestarehe tu.

Nje kuna mabao manne, chini ya mwembe. Mkae watatu watatu: mmoja anasogeza kete, mmoja anaweka njiti na vizibo, wa tatu anachora bila kuliangalia bao, anasikiliza tu. Baada ya mzunguko mmoja mbadilishane. Mchezaji wa pili aanze na kizuizi cha sianidi kikiwa kimeshawekwa, aseme mwenyewe shimo la kwanza kukwama ni lipi na kwa nini. Walimu watapita na kalamu nyekundu. Mabao tumeazima kwa wazee wa hapa barazani, kila moja na kete 64 zake, na zile mnazozitupa kama kabonidioksaidi nazo zihesabiwe kabla hamjaondoka.